Cha Mtani Hakiombwi

Alasiri, kofia zikishakauka juu ya vibao vyake, Shafii bin Hadji alikuwa na desturi ya kuketi barazani kwake pale Rumonge, mguu mmoja ameukunja na mwingine ameunyosha, akamsomea marehemu mkewe maneno aliyoyatunga siku ile. Mkewe, Chausiku binti Uledi, alikuwa ndani ya mtungi wa maji nyuma ya mlango. Si yeye mzima, tusije tukasema uongo. Mwili wake ulizikwa mbele ya mashahidi, karibu na ufuo, palipo na michikichi. Mtungini kilikuwemo kicheko chake tu.

Maneno yakiwa mazuri, mtungi ulicheka. Yakiwa mabaya ulinyamaza, na Shafii alichovya kalamu yake ya tete akayakata. Kwa njia hii alitunga vizuri kuliko zamani, maana Chausiku alipokuwa hai alikuwa akimhurumia mumewe, akicheka hata pasipochekesha. Alipokwisha kufa aliacha huruma hizo.

Jirani yao, Bibi Nunu binti Marhun, mwenye duka la nguo na chumvi, alikuja kila siku kuchota maji kwenye mtungi ule kwa kuwa wa kwake ulikuwa na ufa, na mchoyo asingenunua mwingine hata umwambie nini. Alitia kata, kicheko kikapanda na maji, kikamwagikia mkononi.

"Chausiku iko na furaha leo," husema.

"Leo nimepata," hujibu Shafii, naye akaendelea kushona.

Namna kicheko kilivyoingia mtungini ilijulikana mji mzima. Miaka ile malale ilikuwa imeshika pwani yote ya ziwa, kutoka Magara mpaka Kigwena na kupita. Mtu alianza kwa kusinzia mchana, akaendelea kusinzia, mwishowe hakuamka. Serikali ya Wadachi ilijenga kambi, ikaleta daktari na sindano, na baadhi ya waliodungwa waliamka vipofu. Chausiku alishikwa akiwa anapika mawese. Alilala amesimama, mwiko mkononi, mafuta yakaungua, na moshi ndio uliomwita mumewe.

Hakumpeleka kambini. Aligundua dawa yake mwenyewe: Chausiku akicheka, yuko macho. Basi Shafii, ambaye mpaka siku hiyo hakuwahi kuandika ila majina ya wenye kofia, akaanza kutunga vichekesho. Alimtungia Bwana Kesho, mvivu mmoja aliyelala chini ya mchikichi mpaka watu wa daktari wakamwokota wakidhani ana malale. Huko kambini Bwana Kesho alipewa wali na blanketi, na hakuna aliyemwambia ashike jembe. Mkewe alikwenda kushuhudia kwamba mtu huyu hana ugonjwa, ni uvivu mtupu. Daktari akamwambia amwonyeshe tofauti. Wakaleta chakula, Bwana Kesho akaamka. Daktari akaandika kwamba imepatikana malale ya aina mpya, inayofahamu saa ya kula.

Hapo Chausiku alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akamshika mumewe mkono, akamwambia, "Usiache nilale kabla ya mwisho."

Shafii hakuwahi. Mwisho aliupata asubuhi, na Chausiku alikuwa amekwisha lala tangu alfajiri.

Sasa, baba zao wote wawili walikuwa Wazaramo, waliokuja na msafara mmoja kutoka Mrima, pwani ya bahari, wakachoka hapa, wakaoa hapa. Na watani wa Wazaramo ni Wanyamwezi, jambo hilo halina mjadala. Akifa Mzaramo, lazima Mnyamwezi aje mazishini. Atashuka kaburini kabla ya maiti, ajilaze, adai kodi ya chumba. Atavaa kanga ya marehemu, atembee kama marehemu, atukane ukoo mzima, na watu watacheka huku wanalia. Kisha atapewa jogoo au kitambaa, na marehemu atakwenda zake bila kugeuka nyuma. Lakini mwezi ule Wanyamwezi wote wa Rumonge walikuwa wamehamishwa kwa amri ya malale, wamepelekwa milimani. Shafii alingoja mpaka jua likainama. Mwalimu aliyekuja kumsalia maiti alikohoa. Wachimba kaburi walikaa juu ya udongo.

Basi Shafii alishuka mwenyewe. Alijilaza palipokuwa pa mkewe, akatazama juu, akamaliza hadithi: jinsi daktari alivyotoa sindano, jinsi Bwana Kesho alivyoiona, na jinsi alivyokimbia kutoka kambini mpaka Kigwena bila kupumzika, akanyang'anya mtu jembe na kuanza kulima, na mpaka leo analima, hathubutu hata kuketi, kwa kuogopa asije akaonekana amepumzika. Waliofika walisikia kicheko kikitoka upande wa jeneza. Walikijua. Walimzika Chausiku, wakapiga fatiha, wakarudi mjini, na Shafii alipofungua mlango wake kicheko kilikuwa kimekwisha tangulia, kimeingia mtungini.

Wazee walikaa wakalitazama jambo hilo. Kwa sheria, mazishi yalikuwa sahihi. Kwa mila, yalikuwa na kasoro, kwa sababu mume si mtani wa mkewe, na utani uliofanywa na asiye mtani haufungi mlango. Walimshauri angoje apatikane Mnyamwezi wa kweli aje achukue kitu, ndipo kicheko kipumzike. Shafii aliwashukuru. Moyoni aliomba Mnyamwezi huyo apotee njia.

Haukupita muda, amri ya malale ikawafika na wao. Rumonge yote ya ufuoni ihame, nyumba zivunjwe, watu wapande kuelekea Kizuka. Maneno ya kuhama hayakumsumbua Shafii; mshona kofia huhama na sindano yake. Kilichomkata maini ni kaburi. Lilikuwa kifusi cha udongo na kijiti, na mvua moja ya masika ingeotesha matete juu yake, na baada ya hapo hapana mtu angejua kwamba pwani hii aliwahi kukaa mwanamke akiitwa Chausiku binti Uledi. Hilo lilimuuma sana, aliliwaza anapokula na anapoacha kula.

Ndipo likaja jina la Idi bin Nasoro.

Idi alikuwa dalali wa hadithi. Walikuwako madalali wa kuuza watu, wamepita, Mungu awahukumu, na wako wa pembe na wa samaki. Idi alipita kijiji kwa kijiji kando ya ziwa akitafuta hadithi za Kiswahili kwa niaba ya bwana mmoja wa Kidachi aliyekaa kwao Ulaya akizipiga chapa. Aliyekuwa na hadithi alikwenda kumweleza Idi, na Idi ndiye aliyeamua ipi ivuke bahari. Alikuwa na suti nyeupe na mwavuli, na kawaida yake ilijulikana: alikaa kwenye baraza ya duka la Bibi Nunu, akaagiza kahawa, na kila mtunzi alipimiwa kikombe kimoja, mnywaji Idi mwenyewe. Kikombe kikiisha, maneno yako yamekwisha. Hadithi iliyompendeza aliinywea taratibu.

Shafii aliwaza: jina likipigwa chapa halioti matete. Aliandika hadithi yake upya, kwa herufi za Kiarabu zilizonyooka kadiri alivyoweza, na juu kabisa akatia: hii ni hadithi ya Chausiku binti Uledi wa Rumonge, aliyeicheka wa kwanza. Chausiku siku zote aliudhihaki mwandiko wa mumewe, hasa herufi zake za wau, ambazo alisema zina vitambi kuliko makadhi. Shafii aliandika polepole ili zipungue unene, wala hazikupungua.

Siku ya siku alijitwika mtungi begani, akaenda nao barazani. Mbele yake walikuwa mama mmoja mwenye hadithi ya sungura, ambayo Idi aliinywea vizuri sana, na mwindaji mwenye hadithi ya kweli, ambaye kikombe chake kiliisha kwa mafunda mawili. Shafii aliuweka mtungi chini, akasema ana kichekesho.

Idi alikunja uso. Alimweleza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba bwana anataka sungura na fisi na methali mwishoni. "Vichekesho havivuki, baba. Maji ya chumvi yanavikausha. Kinafika kule kichekesho, watu wanakitazama tu."

Hata hivyo kikombe kililetwa. Shafii alikuwa amejizoeza kuifupisha hadithi wiki nzima, na kama ilivyo kwa kila aliyejizoeza, alianzia katikati. Akasahau mke wa Bwana Kesho, akarudi kumchukua. Akamtaja daktari kabla ya ugonjwa. Jasho lilimtiririka. Kahawa ilikuwa imefika chini kabisa, kwenye machicha, alipolifikia lile la malale ya aina mpya, inayofahamu saa ya kula, na hapo mtungi ukacheka.

Ulicheka kwa kirefu, kama ulivyozoea. Waliokuwa barazani wakacheka nao, Bibi Nunu akaegemea mizani yake, mwindaji aliyekataliwa akasahau hasira. Idi akacheka mpaka kahawa ikampalia. Alipopata pumzi aliuliza jambo moja tu, kama mtungi una maji. Aliambiwa unayo. Akaomba ya kunywa.

Kisha, akijifuta midomo, akauliza marehemu alikuwa kabila gani.

"Mzaramo," akasema Shafii, na neno lilipomtoka alitamani kulirudisha.

"Kumbe!" Idi alisimama, suti na mwavuli na yote. "Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Nimekaa hapa nanunua kahawa ya kuwasikilizia watani wangu, mwaka wa njaa huu."

Akazikwapua zile karatasi mikononi mwa Shafii, akazitia kwapani, akashuka kwenda kwenye mtumbwi wake. Watu wakashangilia, wengine wakapiga vigelegele, maana walikuwa hawajaona utani mzuri tangu Wanyamwezi wahamishwe. Cha mtani hakiombwi, na mwenye kunyang'anywa haruhusiwi kununa. Akinuna ameivunja mila na amewaaibisha baba zake. Shafii alicheka kwa kulazimisha. Alimfuata Idi mpaka maji yakamfika magotini.

"Jina," alisema. "Jina lake liwe juu."

"Nitalitia la kwanza kabisa, mtani wangu," alisema Idi, na wakati ule alikuwa na nia hiyo.

Shafii aliurudisha mtungi nyumbani. Aliusomea maneno mazuri, aliusomea mabaya, aliuinamia akaunong'oneza yale ambayo mume humwambia mkewe peke yake. Mtungi ulikuwa na maji tu. Wazee walikuja wakampa mkono, wakamwambia alhamdulillahi, mtani amepatikana, amechukua, mazishi yametimia. Aliwapokea, akawapa kahawa, akawasindikiza. Halafu alijifungia akalia, na Bibi Nunu, aliyekuja na kata yake, aligeuka mlangoni akarudi bila maji.

Walihama. Nyumba zilivunjwa, michikichi ikabaki na upepo. Huko juu Shafii alijenga kibanda jirani na Bibi Nunu, ambaye alihama na duka lake na ule mtungi wake wenye ufa. Alishona kofia. Jirani zake wapya, Warundi wa pale, walizoea kumwona akiketi na mtungi alasiri, wakaona ni adabu kusalimia wote wawili. "Amahoro, mama," waliuambia mtungi wakipita. Hakutunga tena. Mara mbili masika ilinyesha, na Shafii alijua matete yamefika wapi, ijapokuwa hakushuka kutazama.

Masika ya pili ilipokatika, Idi bin Nasoro alipanda kilima akihema. Mwavuli ulikuwa umevunjika ubavu mmoja. Kwapani alikuwa na kitabu, kidogo, chenye jalada la kijani, amekifunga kwa kitambaa mara kadhaa na kukikaza kwa kamba. Aliketi, akaomba maji, akasema kwamba amekuja kwa shida.

Kitabu kilikuwa kinacheka. Si kimoja, vyote. Bwana aliandika kutoka Ulaya kwamba kila kinapofunguliwa ukurasa fulani, mwanamke hucheka, na wasomaji ni watu wenye heshima zao. Mwenye mtambo wa chapa alisema ni unyevu wa karatasi. Waliviweka vitabu karibu na moto vikauke, vikacheka zaidi. Kimoja kilisomwa mbele ya wanachuoni, nao walicheka wote, na wengine ilibidi watolewe nje. Bwana alitaka mwanamke huyo atafutwe, aombwe aache.

Shafii alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja, kwa sauti ndogo. Aliuliza jina limeandikwa wapi.

Idi alifungua kamba. Kitabu kilikuwa cha herufi za Kizungu, ambazo Shafii hakuzijua. Kwake zilikuwa vijiti tu. Idi alimsomea ukurasa wa kwanza akiufuata kwa kidole. Palikuwa na jina la bwana. Chini yake paliandikwa kwamba hadithi hizi zimekusanywa kwa wenyeji wa kandokando ya ziwa. Basi.

"Na chini ya hapo?"

"Hapo ni mji kilipopigwa chapa." Idi alikitazama kitabu, hakumtazama mwenzake. "Nililitia, wallahi. Bwana akalitoa. Alisema hadithi za huku hazina mwenyewe, ni za kabila zima. Na Bwana Kesho amemfanya Fisi. Daktari kamwondoa. Kaweka methali mwishoni."

Bibi Nunu alikuwa amesimama kizingitini na kata yake, anasikiliza bila kujificha. Shafii alikuwa na hasira, na hasira ile alikuwa nayo tangu siku alipoingia majini mpaka magotini, lakini pia kulikuwa na jambo jingine alilolitaka. Alinyoosha mkono, akafunua karatasi moja, ya pili, ya tatu. Kurasa za sungura zilipita kimya. Akafunua nyingine.

Chausiku alicheka. Kilikuwa kicheko chake chenyewe, na kile kikwaruzo kidogo cha mwisho, kikiwa kimechoka kidogo kwa safari.

Shafii alikichukua kitabu mkononi mwa Idi, akakitia kwapani.

Idi alifumba macho. "Hicho kimoja tu ndicho nilichonacho. Natakiwa nikirudishe."

"Cha mtani hakiombwi," alisema Shafii.

Idi alimtazama Bibi Nunu, na Bibi Nunu akamtazama yeye, akingoja kuona kama Mnyamwezi wa Tabora atanuna. Idi alicheka, kama ilivyompasa. Alicheka vibaya mwanzoni, kisha vizuri kidogo. Aliuliza basi akamwambie nini bwana.

"Mwambie umempata. Anaitwa Chausiku binti Uledi wa Rumonge, amelala ufuoni. Hataki kuacha."

Idi aliahidi kusema, na inaaminika alisema. Kitabu kilipigwa chapa mara ya pili. Jina halikutiwa. Kiliongezwa kijikaratasi mwanzoni kinachomwomba msomaji akiweke kitabu mahali pakavu.

Siku ile ile, Idi alipokwisha shuka, Shafii alikifungua kitabu juu ya mdomo wa mtungi. Hakujua kukisoma, ila alimjua mkewe. Alipitisha kidole juu ya vile vijiti, na Chausiku alipocheka, sauti ikishuka mpaka majini, alijua wamefika kwenye wali na blanketi. Akaendelea. Walipofika palipoondolewa daktari, mtungi ulinyamaza, ukangoja. Shafii akayatia kwa mdomo yale yaliyokatwa, malale ya aina mpya na saa ya kula, na mtungi ukacheka mpaka maji yakaruka. Methali ya mwishoni waliipita wote wawili bila neno.

Baadaye alirudi ukurasa wa kwanza. Alichovya kalamu ya tete, na chini ya jina la bwana, palipobaki peupe, akaandika kwa herufi zake mwenyewe jina la mkewe na la baba yake na la mji. Katika vitabu vyote vilivyopigwa chapa, ni hicho kimoja tu chenye jina hilo. Wau ikatoka na kitambi kikubwa kuliko zote alizowahi kuziandika.

Mtungi ulicheka. Hapakuwa na kichekesho pale, ila ile wau.

Bibi Nunu akasogea na kata yake, akauliza kulikoni.

"Yuko macho," alisema Shafii, akaokota kofia aliyoiacha, akaanza kutafuta sindano.